Neno na Mwenye Neno

Walimwengu wana desturi mbili mbaya katika kusikiliza. Desturi ya kwanza ni kulitupa neno jema kwa sababu aliyelisema ana dosari. Desturi ya pili ni kuificha dosari ya msemaji kwa sababu neno lake ni jema. Mtu wa desturi ya kwanza hufanana na mwenye kiu amwagaye maji safi kwa kuwa kata aliyopewa ina ufa. Mtu wa desturi ya pili hufanana na yule aisifuye kata kuwa ni nzima ilhali maji yanamdondokea miguuni. Wote wawili hubaki na kiu.

Jambo hili si geni katika maisha ya kila siku. Mzee aliyeshika kikombe cha pombe huwaonya vijana wajihadhari na ulevi. Mfanyabiashara apunjaye mizani huwausia wanawe uaminifu. Wahenga walisema mganga hajigangi, na methali hiyo aghalabu hutolewa kwa kicheko. Lakini ndani ya kicheko hicho mna swali zito. Dawa ya mganga aliye mgonjwa ni dawa, au si dawa? Neno la haki likitoka katika kinywa cha mtu asiyeitenda haki, je, hubaki neno la haki, au huharibika kama maziwa yaliyotiwa katika kibuyu kichafu?

Swali hili sikulitafuta, lilinijia darasani. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za kuzaliwa kwa taifa la Marekani. Niliwaeleza Azimio la Uhuru la mwaka wa 1776, lisemalo kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba Muumba wao amewapa haki wasizoweza kunyang'anywa, zikiwamo uhai, uhuru na kuitafuta furaha. Kijana mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, mtu aliyeandika maneno hayo alikuwa na watumwa. Kwa nini twayakariri kama kwamba yalitoka kwa mtu wa haki?" Nilimjibu upesi kuwa hizo zilikuwa zama zake, na kwamba kila mtu wa zama zile alifanya vivyo hivyo. Kengele ikalia, ikaniokoa. Kijana aliketi, lakini uso wake haukuridhika, na haki ilikuwa upande wake. Jibu langu lilikuwa la mtu atakaye kumaliza kipindi, si la mtu atakaye kujua. Ahadi ni deni, na jibu baya la mwalimu ni deni pia. Insha hii ni jaribio la kulilipa.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Thomas Jefferson alizaliwa Virginia mwaka wa 1743, mwana wa mwenye mashamba. Mwaka wa 1776, makoloni 13 ya Uingereza katika Amerika ya Kaskazini yalipokusudia kujitenga, wajumbe wao walikuwa wamekutana katika mji wa Philadelphia. Watu 5 waliteuliwa kuandika tangazo la kuueleza ulimwengu sababu za kujitenga huko. Miongoni mwao walikuwamo Benjamin Franklin, mzee wa miaka 70, na John Adams wa Massachusetts. Lakini kalamu ilikabidhiwa Jefferson, aliyekuwa na miaka 33. Tarehe 2 Julai wajumbe walipiga kura ya kujitenga, na tarehe 4 Julai waliyapitisha maneno ya Azimio.

Katika vyumba alivyopanga mjini humo Jefferson hakuwa peke yake. Alikuwapo kijana wa miaka 14, jina lake Robert Hemings, aliyeletwa kutoka Virginia ili amtumikie. Robert alikuwa mtumwa wake. Zaidi ya hayo, wanahistoria wengi wanakubali kwamba Robert na mke wa Jefferson walikuwa watoto wa baba mmoja. Hebu ifikirie picha hii kwa utulivu. Mezani mtu anaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na katika nyumba hiyo hiyo yumo mtoto ambaye kwa sheria ni mali ya mwandishi, kama kiti na kama farasi.

Jefferson hakuwa mtu asiyejua. Katika rasimu yake alitia kifungu kikali cha kumlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa, nacho kikaondolewa na wajumbe kabla ya Azimio kupitishwa. Katika kitabu chake juu ya nchi ya Virginia, kilichochapishwa London mwaka wa 1787, alieleza jinsi utumwa unavyomharibu bwana na mtumwa pamoja, na akakiri kwamba huliogopea taifa lake akumbukapo kuwa Mungu ni mwenye haki. Lakini katika kitabu hicho hicho alidai kwamba watu weusi ni duni kwa akili. Alipokuwa rais, alitia sahihi sheria ya mwaka wa 1807 ya kukataza watumwa wasiingizwe nchini kutoka ng'ambo. Hata hivyo, katika uhai wake wote alimiliki watu zaidi ya 600. Kati ya hao aliwaandikia uhuru 2 tu alipokuwa hai, na 5 katika wasia wake. Basi alijua, akaandika, akaogopa, kisha akaendelea.

Sasa nilichunguze jibu langu la darasani, kwamba hizo zilikuwa zama zake. Jibu hili husemwa na watu wengi, tena huonekana kuwa la busara na huruma. Lakini halisimami likisukumwa. Robert Carter, tajiri wa Virginia iyo hiyo, alitia sahihi mwaka wa 1791 hati ya kuwaacha huru, kundi baada ya kundi, watumwa wake zaidi ya 450. George Washington, aliyefariki mwaka wa 1799, aliagiza katika wasia wake kwamba watumwa aliowamiliki yeye mwenyewe wapewe uhuru. Watu hawa walivuta hewa ya zama zile zile, wakaishi chini ya sheria zile zile, na majirani zao walikuwa wale wale.

Tena yuko Edward Coles, ambaye kisa chake chastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa. Coles alikuwa kijana wa Virginia aliyerithi watumwa kwa baba yake, na wakati huo alikuwa katibu wa Rais James Madison. Tarehe 31 Julai 1814 alimwandikia Jefferson barua ya staha. Alimwomba mzee yule, ambaye jina lake lilikuwa na uzito kuliko majina yote katika Virginia, aongoze kazi ya kuuondoa utumwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kazi hiyo ilitokana na maneno yake mwenyewe. Jefferson, aliyekuwa na miaka 71, alijibu tarehe 25 Agosti. Aliusifu moyo wa kijana, akasema kwamba kazi ile ni njema, lakini ni ya vijana, si ya wazee. Hata hivyo hakumhimiza Coles kuwaacha watumwa wake huru; alimshauri abaki nao Virginia, awatunze vyema. Coles akajibu kwa adabu kwamba Franklin alitenda kazi kubwa na nzito akiwa na umri kuupita huo. Alisema kweli. Mwaka wa 1790 Franklin, akiwa na miaka 84 na amebakiwa na miezi michache tu ya kuishi, alitia sahihi ombi la kulitaka Bunge lipambane na utumwa.

Coles hakungoja ruhusa ya mzee. Mwaka wa 1819 aliondoka Virginia pamoja na watumwa wake, wakaelekea magharibi. Walipokuwa wakielea juu ya mto Ohio aliwakusanya, akawaambia kwamba tangu saa ile wao ni watu huru. Walipofika Illinois alizigawia familia zao ardhi, ekari 160 kila familia. Mwaka wa 1822 alichaguliwa kuwa gavana wa Illinois, na mwaka wa 1824 alikuwa mstari wa mbele kuipinga njama ya kutaka kuuhalalisha utumwa katika jimbo lile. Nayo njama ikashindwa kwa kura za wananchi.

Basi zama ni kama mkondo wa maji: humsukuma kila mtu, lakini haimnyimi kila mtu uwezo wa kuogelea. Na liko kosa lingine katika jibu langu, kubwa kuliko hilo la kwanza. Nilisema "kila mtu wa zama zile." Niliposema hivyo niliwasahau watumwa wenyewe. Wao nao walikuwa watu wa zama zile, tena walikuwa mamia ya maelfu. Hawakuhitaji kungoja karne iliyofuata ije iwafundishe kuwa utumwa ni uovu. Mtu asemaye kwamba zama zile zote ziliuona utumwa kuwa halali huwa amewahesabu mabwana peke yao, na katika kuhesabu hivyo amerudia, bila ya kukusudia, kosa la mabwana wale.

Twende mbele. Tumekwisha kukubali kwamba msemaji alikuwa na hatia. Je, neno lake lianguke pamoja naye? Ushahidi wa kwanza nautafuta kwa mtu aliyekuwa na haki ya kulikataa neno hilo kuliko mimi na wewe. Benjamin Banneker alizaliwa Maryland mwaka wa 1731, mtu mweusi aliye huru, mkulima. Katika ujana wake alitengeneza saa ya mbao kwa mikono yake. Alipokuwa mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi alijifunza elimu ya nyota kwa vitabu na vyombo vya kuazima kwa jirani. Mwaka wa 1791 alisaidia kuipima ardhi ambamo mji mkuu wa Washington ungejengwa, na mwaka ule ule akatunga kitabu cha kalenda chenye hesabu za mawio na machweo, za mwezi, na za kupatwa kwa jua. Tarehe 19 Agosti alimpelekea Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, nakala ya kitabu hicho iliyoandikwa kwa mkono wake, pamoja na barua ndefu.

Katika barua ile Banneker alimkumbusha waziri maneno ya mwaka wa 1776. Alimwambia kwamba ni jambo la kusikitisha sana kumwona mtu aliyeusadiki ukarimu wa Muumba kwa watu wote akiwashikilia ndugu zake kwa hila na kwa nguvu katika utumwa, akawa na hatia ya kosa lile lile alilowalaumia wengine. Jefferson alimjibu tarehe 30 Agosti kwa maneno ya heshima, akamwarifu kwamba amekipeleka kitabu chake Paris kwa katibu wa chuo cha sayansi. Lakini mwaka wa 1809, Banneker alipokuwa amekwisha kufariki, Jefferson alimwandikia rafiki yake barua ya kuidharau akili ya marehemu.

Angalia sana namna Banneker alivyojenga hoja yake. Hakusema, "Huyatendi maneno yako, kwa hiyo maneno yako ni uongo." Alisema, "Maneno yako ni kweli, kwa hiyo umehukumiwa nayo." Tofauti ya kauli hizi mbili ni kubwa. Kauli ya kwanza ingemfurahisha kila mwenye watumwa, maana ingemwondolea mzigo. Kama neno ni uongo, hapana aliyelivunja. Kauli ya pili yamshika msemaji kwa ulimi wake mwenyewe. Banneker alitambua kwamba neno likisha kutamkwa si mali ya mtamkaji tena. Huwa kama mbegu iliyopeperushwa na upepo ikaangukia shamba la jirani. Mwenye mti wa kwanza hana amri juu ya matunda yake.

Pengine msomaji atasema kwamba jambo hili ni wazi kama hesabu. Mwizi akisema saba mara nane ni hamsini na sita, jawabu lake ni sahihi ijapokuwa mkono wake ni mchafu. Mfano huu ni mzuri, lakini haufiki mwisho wa safari. Hesabu haimdai msemaji kitu, bali neno la haki humdai. Asemaye kwamba watu wote ni sawa hakutoa habari tu, kama mtu aelezaye urefu wa mlima. Ametoa ahadi kuhusu namna atakavyoishi na watu. Kwa hiyo neno la haki lina pande mbili. Kwa upande mmoja ni kweli, na kweli haitegemei tabia ya mtu. Kwa upande wa pili ni ahadi, na ahadi ambayo haikutimizwa ina mtu aliyeumizwa nayo.

Tusiwasahau walioumizwa. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio, siku ile ile aliyofariki John Adams. Watu walistaajabia sadfa hiyo, wakaiona kama ishara. Lakini Jefferson aliacha deni lililopita dola 100,000, na katika Januari 1827 watu wapatao 130 waliuzwa kwa mnada katika shamba lake la Monticello. Mhunzi wa shamba lile, Joseph Fossett, alikuwa mmoja wa wale 5 walioachiwa uhuru katika wasia, uhuru utakaoanza baada ya mwaka mmoja. Mkewe, Edith, na watoto wao hawakuachiwa. Fossett alisimama akaona jamaa yake ikiuzwa kwa mabwana mbalimbali, kisha kwa miaka mingi akafanya kazi ya nyundo na moto ili apate fedha ya kumnunua mkewe na kuwakomboa watoto aliowaweza. Mwana wao Peter, aliyeuzwa akiwa na miaka 11, hakupata uhuru wake ila baada ya zaidi ya miaka 20. Hatimaye akawa mhubiri katika mji wa Cincinnati.

Nakitaja kisa hiki ili mtu asidhani kwamba natafuta njia ya kuutetea unafiki. La hasha! Neno zuri la mwaka wa 1776 halikumfaa Edith Fossett hata kidogo siku ya mnada. Anayesema haki na kuacha kuitenda hulipia sifa yake kwa machozi ya watu wengine. Mtu yeyote atakayekuambia kwamba madhali Jefferson aliandika vyema tusiangalie alivyotenda, mwulize kama angeweza kuyasema hayo mbele ya mhunzi yule.

Hata hivyo, kabla hatujatoa hukumu, hatuna budi kuitazama njia ya tatu, ambayo vijana wengi hawaifikirii. Neno na tendo vikipingana, kuna namna mbili za kuvipatanisha. Namna ya kwanza ni kulipandisha tendo hata lifike kwenye neno. Hiyo ndiyo aliyoifuata Coles. Namna ya pili ni kulishusha neno hata lifike kwenye tendo. Katika Marekani ya karne ya 19 walitokea watu mashuhuri walioichagua namna ya pili, wakajivunia kwamba wao si wanafiki. John Calhoun wa South Carolina alisema katika Baraza la Seneti mwaka wa 1848 kwamba ile kauli ya watu wote kuzaliwa huru na sawa ni kosa, wala haina ukweli ndani yake. Tarehe 21 Machi 1861, majimbo ya kusini yalipokuwa yamejitenga na kuunda serikali yao, makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alihutubia mjini Savannah. Alisema waziwazi kwamba waasisi wa kale walikosea walipodhani kuwa watu wa rangi zote ni sawa, na kwamba serikali mpya imejengwa juu ya fikira iliyo kinyume cha hiyo, kuwa mtu mweusi si sawa na mtu mweupe na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili.

Katika kauli ya Stephens hamna unafiki. Neno na tendo vimelingana kama pande mbili za mizani. Lakini ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba mizani ile ilikuwa ya haki? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulingana kwa neno na tendo, peke yake, si fadhila. Mwovu asemaye uovu na kuutenda hujipatanisha na nafsi yake, lakini amefunga mlango ambao mnyonge angeupitia kuja kudai. Mnafiki ameuacha mlango huo wazi, ijapokuwa mwenyewe haingii. Banneker aliweza kumwandikia Jefferson. Angemwandikia Stephens barua gani? Angemkumbusha maneno yapi?

Tena historia yaonyesha kwamba waliodhulumiwa waliutambua mlango ule mapema, wakausukuma. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland akatoroka mwaka wa 1838, aliitwa kuhutubia mjini Rochester tarehe 5 Julai 1852 katika kuadhimisha siku ya uhuru. Aliwaambia waliomwalika kwamba sikukuu ile ilikuwa yao, wala si yake, na kwamba kwa mtumwa shangwe zake ni dhihaka. Hata hivyo hakuwaambia walichome moto Azimio. Aliwahimiza washikamane na kanuni zake, maana kwake zilikuwa kanuni za kuokoa. Miaka minne kabla ya hapo, katika Julai 1848, wanawake waliokutana Seneca Falls wakiongozwa na Elizabeth Cady Stanton walilichukua Azimio, wakaliandika upya ili liwataje wanaume na wanawake pamoja, na Douglass alikuwapo akawaunga mkono. Tarehe 19 Novemba 1863, katikati ya vita, Abraham Lincoln alisimama katika makaburi ya Gettysburg akahesabu miaka 87 kurudi nyuma, ili umri wa taifa uanzie kwenye neno lile la usawa. Mwaka wa 1865 katiba ilibadilishwa, utumwa ukapigwa marufuku. Tarehe 28 Agosti 1963 Martin Luther King, mbele ya umati wa watu zaidi ya 200,000 mjini Washington, aliyalinganisha maneno ya waasisi na hati ya deni ambayo Marekani ilikuwa haijawalipa raia wake weusi. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa fumbo hilo, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kusema kwamba ahadi ni deni.

Deni hilo limegusa hata pwani zetu na nyanda zetu. Mwaka wa 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda Lancaster House mjini London kujadiliana juu ya katiba, mmoja wa washauri wao alikuwa Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi aliyezaliwa Baltimore, kitukuu cha mtumwa. Yeye ndiye aliyeiongoza kesi ya mwaka wa 1954 iliyobatilisha utengano wa rangi katika shule za umma za Marekani. Kwa ajili ya Kenya aliandika rasimu ya haki za raia. Jambo la ajabu ni kwamba katika rasimu ile alitaka zilindwe pia haki za wachache, Wazungu na Wahindi, ijapokuwa aliwashauri watu waliokuwa wamenyimwa haki kwa ajili ya baadhi ya wachache hao. Alikuwa amelichukua neno la bwana wa Monticello akalipanua kuliko lilivyopanuliwa na mwenyewe. Leo katiba yetu ya mwaka wa 2010 yasema katika kifungu cha 27 kwamba kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Nasi basi tumetamka. Nasi basi twadaiwa, kila mara mnyonge anapofika ofisini akaambiwa aje kesho, na mwenye cheo aliyefika nyuma yake akapitishwa mbele.

Mtu mmoja aweza kuuliza: ikiwa neno lilikuwa na nguvu hivyo, mbona lilichukua miaka 89 tangu Azimio hata kukomeshwa kwa utumwa? Jibu ni kwamba neno halina miguu. Halikujiendea lenyewe. Lilibebwa na Banneker katika barua, na Coles katika mashua, na Douglass jukwaani, na maelfu ya wengine ambao majina yao hayakuandikwa, na katika vita lilibebwa kwa damu. Neno jema lisilo na wadai hulala kama shoka lililotundikwa ukutani, likapata kutu, huku kila mgeni akilisifu kwa mpini wake.

Sasa naweza kumpa kijana yule jawabu lililo bora kidogo kuliko lile la kwanza. Twayasoma maneno ya Jefferson kwa sababu ni kweli, wala ukweli wake hautokani naye. Pamoja na hayo, twasema bila ya kuficha kwamba alikuwa na hatia, tena hatumpi zama kuwa kichaka cha kujificha. Na twawaheshimu zaidi wale waliolichukua neno lake wakamdai yeye, na wakawadai wajukuu zake, maana bila ya wao neno lile lingekuwa mapambo tu ya karatasi. Usilitupe neno kwa ajili ya mwenye neno, wala usimsafishe mwenye neno kwa ajili ya neno. Lishike neno, umdai mwenyewe.

Imebaki sehemu moja ya deni langu, nayo ni ngumu kuliko zote. Wiki ile ile kijana aliponiuliza swali lake, nilikuwa nimewaadhibu wanafunzi kadhaa kwa kuchelewa asubuhi, na siku mbili baadaye nikachelewa mimi. Hakuna aliyesema neno, lakini niliyaona macho yao. Nilikuwa na njia tatu mbele yangu. Ningeweza kujifanya kwamba mwalimu hachelewi, ila hukawia kwa sababu. Ningeweza kuifuta kanuni, nikasema kwamba kuchelewa si kitu, nikapata amani rahisi ya mtu aliyelishusha neno lake. Njia ya tatu ilikuwa kusimama mbele yao na kusema kwamba kanuni ni nzuri na mimi nimeivunja. Niliichagua hiyo ya tatu, kwa aibu kubwa, na siku zilizofuata nikaamka mapema.

Kijana msomaji, wewe nawe utakuja kusema maneno yaliyo makubwa kuliko matendo yako. Hapana mwanadamu aliyeepuka jambo hilo, isipokuwa yule asiyesema neno jema kamwe. Usiyapunguze maneno yako ili yakutoshe. Yaache yawe makubwa, na mtu akija na barua mkononi kukukumbusha uliyoyasema, usimjibu kwa heshima tupu kisha ukamsengenya nyuma yake. Mshukuru, kisha ulipe.